Piano Haina Kitufe

Nilijaza fomu kwa kalamu ya bluu, kwa herufi kubwa: kundi C, kipande namba kumi na moja. Kisha nikapiga mistari miwili chini yake, mtu asije akapita bila kuona. Huo ndio ujinga wenyewe, na ni afadhali niuseme mimi kabla rafiki yangu Kiprono hajakusimulia kwa namna yake, maana yeye huongeza. Kundi A lilikuwa la wanaoanza, B la waliozoea, na C la watu ambao wameanza piano kabla hawajaota meno ya mbele. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuwa nimegusa piano ya kweli hata siku moja. Karatasi ya kipande hicho ilikuwa na flati tano mwanzoni mwa kila mstari. Flati ni kialama kinachokuambia ukiache kibao cheupe, ukibonyeze cheusi kilicho kando yake. Tano ni nyingi. Ni kama kuambiwa utembee nyumbani kwenu ukikanyaga tu mawe. Lakini mimi hazikunitisha, kwa sababu sikuwa nimezisoma. Kipande kile nilikijua chote kwa masikio, na nilikuwa nakipiga karibu chote kwa vibao vyeupe. Ukiona hapo kuna kitu hakiingiani, basi umeshanizidi akili niliyokuwa nayo mwaka ule.

Najua watu huandika kumbukumbu za maisha wakiwa na mvi na fimbo ya kutembelea. Mimi nina chunusi na mtihani wa Kidato cha Nne unaonisubiri. Lakini wiki jana Madam Chelangat alikuja shuleni kwetu na kwaya ya wasichana kutoka Longisa, anakofundisha siku hizi tangu ahamishwe, akanikuta nimeegemea mlango wa ukumbi nikijifanya mlinzi. Aliniangalia kutoka viatu mpaka kichwa, kwa sababu nimerefuka, halafu akasema, "Ombati. Ulipata kile kitufe?" Wasichana ishirini wakageuka. Nikamwambia, "Bado, Madam, lakini polisi wanafuatilia." Hakucheka. Madam hacheki; pua yake huvutika kidogo upande mmoja, na sisi tuliofundishwa naye tunaichukua hiyo kama kicheko. Akapita na kwaya yake. Mimi nikabaki pale mlangoni na mwaka mzima umenirudia, na harufu yake, harufu ya dawa ya kupaka sakafu, balbu iliyounguza vumbi, na majani ya chai yaliyoloa mvua.

Lazima kwanza nikueleze kitufe. Kanisani kwetu, pale kambi ya wafanyakazi wa chai, kwaya haingoji kinanda. Mama Kwamboka, ambaye anaongoza kwaya na pia anaishi nyumba iliyogusana na yetu, husimama, hufunga macho, na huanza pale koo lake lilipoamkia. Jumapili ya baridi huanza chini. Jumapili ya wageni huanza juu mpaka wenye besi wanaangaliana. Kazi ya mpiga kinanda ni kumtafuta alipo na kumfuata. Waliosoma muziki kwa vitabu humtafuta kwa vidole. Sisi tunamtafuta kwa kitufe. Kinanda cha kanisa, kile cha umeme, kina kitufe kimeandikwa "transpose", na ukikibonyeza mara moja sauti zote zinapanda nusu hatua huku vidole vyako vimekaa palepale. Kwa hiyo mimi, na aliyenifundisha, na aliyemfundisha yeye, na nafikiri wapiga vinanda wote kuanzia Kiptere mpaka Soin, tunajua njia moja tu, ile ya C, vibao vyeupe vitupu. Nyingine zote ni kazi ya kitufe. Na nilikuwa hodari, sijisifu. Mama Kwamboka alikuwa hajamaliza silabi ya pili, mimi nimeshabonyeza mara tatu na kumdaka. Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alisema mkono wangu umepakwa mafuta. Ulikuwa umepakwa, ni kweli, kidole kimoja, cha kubonyezea.

Halafu siku moja kwenye chama cha muziki Madam Chelangat aliweka simu yake juu ya dawati na kusema, "Nyamazeni, sikilizeni." Kilikuwa kile kipande namba kumi na moja, noktani, yaani aina ya kipande cha polepole ambapo mkono wa kushoto unabembea kama unalaza mtoto na wa kulia unaimba juu yake. Sijui nikuambie nini. Kiprono alikuwa ananichoma mgongoni na penseli na sikumrudishia, jambo ambalo lilimtia wasiwasi. Nilikwenda nacho kichwani mpaka kanisani, nikakaa na kinanda majuma mawili, kila alasiri baada ya shule, nikakipata. Ili kilingane na kile cha simu nilihitaji kubonyeza kitufe mara moja tu. Nikajirekodi, nikamtumia Madam. Akajibu kwa maneno mawili: "Nani anapiga?" Nikajibu, "Ni mimi." Kesho yake aliniwekea fomu mezani, mashindano ya piano ya vijana, Nakuru, na sahihi yake ilikuwa imeshakaa pale chini panapoandikwa mwalimu. Kwa hiyo mimi sikudanganya mtu. Nilinyamaza tu mahali ambapo mtu mwenye haya angefungua mdomo.

Mama yangu si mtu wa maneno. Anachuma chai, na akirudi jioni anaongea zaidi na miguu yake, anaiambia ikae. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata aliposimama wakati wa ushuhuda, kanisa zima liligeuka. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. "Bwana asifiwe," akasema. "Kijana wangu ameingia mashindano ya piano, huko Nakuru. Wamemweka na wakubwa." Akaketi. Ni hayo tu, lakini vigelegele vilitoka upande wa akina mama mpaka mtoto mmoja akaamka na kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya kinanda nikiinamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Ndipo nikajikuta nafikiria lile neno lake, wamemweka. Hakuna aliyeniweka. Nilijiweka.

Piano yenyewe ilikuwa kwenye klabu ya zamani ya mabwana wa mashamba, juu kidogo ya kambi, jumba la mawe ambalo siku hizi hutumika kwa mikutano mara mbili kwa mwaka na kwa popo siku zilizobaki. Funguo alikuwa nazo mzee arap Koech, babu yake Kiprono, ambaye aliitunza ile nyumba kana kwamba wenyewe wametoka tu kwenda kunawa mikono. Alipaka sakafu rangi nyekundu kila Ijumaa. Ukutani kulikuwa na picha za wanaume waliovaa kaptula nyeupe, na ukungu ulikuwa umekula nyuso zao zote ukawaachia magoti. Katikati palikuwa na meza kubwa ya biliadi iliyofunikwa turubai, na kwenye kona, ikiangalia dirisha na mashamba yote yanayoteremka kule chini, piano ya kahawia. Mzee alikuwa ameifungua mbele na kuitundikia balbu ndani, inawaka mchana. "Hii biano inataka moto," aliniambia. "Bila moto inakohoa." Aliita biano, na hakuna mtu anayetaka funguo aliyewahi kumsahihisha. Huku kwetu mvua hunyesha kila siku saa nane, kama ina zamu, na unyevu ukiingia ndani ya zile mbao kibao kimoja cha kulia kilikuwa kinashuka na hakirudi mpaka ukivute kwa kucha.

Jumamosi ya kwanza Madam aliketi kwenye kiti cha ngozi kilichochanika, amejifunga shali, kwa sababu yeye ni mtu wa Soin kwenye joto na hajawahi kutusamehe hii baridi yetu. Kiprono alikuwa amekaa dirishani kama shahidi. "Anza," Madam akasema. Nilianza. Vidole vilikwenda vilikozoea, na kipande kikatoka, lakini kilitoka chini, kizito, kama mtu unayemjua amepiga simu akiwa na mafua. Mwisho wa mstari wa kwanza Madam aliinua kidole.

"Umeanza chini."

"Ndio, Madam. Ngoja, natafuta."

"Unatafuta nini?"

Nilikuwa nimeinama, mkono wangu unapapasa chini ya ubao, halafu upande wa kushoto, halafu nikainuka nikachungulia ndani kwenye balbu. "Kitufe."

Mzee arap Koech, aliyekuwa mlangoni na ufagio, akasema kwa upole, "Swichi ya taa iko kwa ukuta, kijana."

Kiprono alianza kutikisika pale dirishani bila sauti. Madam hakutikisika. Alisimama, akaja mpaka karibu yangu, akaangalia vidole vyangu vilipokuwa, vyote vimejipanga kwenye vyeupe, kisha akaangalia karatasi na flati zake tano. "Ile rekodi," akasema. "Uliipiga kwa kinanda ya kanisa."

"Ndio, Madam."

"Kwa C."

"Ndio. Na nusu hatua." Nikaonyesha kwa kidole jinsi nilivyobonyeza, mara moja tu, ili aone haikuwa dhambi kubwa. Halafu, kwa kuwa sijui kuacha, nikaongeza, "Si nipige tu hivi, Madam? Ni nusu hatua. Nani atajua?"

"Majaji watatu. Kila mmoja na karatasi mbele yake."

"Wazee?"

"Wazee wenye masikio." Akarudi kwenye kiti chake na kukaa. Mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati. Alivuta shali mpaka shingoni. "Ombati, nilitia sahihi yangu pale," akasema. Nimechapwa maishani, nimefukuzwa darasani, nimesimamishwa gwarideni na taulo kichwani. Hakuna hata kimoja kilichonifikia pale palipofikiwa na hayo maneno.

Niliomba wiki moja. Nilimwambia nitazijua zile flati zote kwa majina na ukoo. Akanipa, na Mzee akanifungulia kila siku baada ya shule. Nilijifunza kwamba vibao vyeusi ni vyembamba na vina utelezi, na kwamba mkono uliozoea kitufe ni kama mtu aliyebebwa mgongoni miaka yote, siku akiwekwa chini anashangaa ardhi ni ngumu. Nilikuwa nahesabu mistari chini ya pumzi kama mama anavyohesabu safu za chai. Mistari ilikuwa ishirini na sita. Kufikia Ijumaa nilikuwa mstari wa nne, na ule wa nne nilikuwa naupita kwa kufumba macho. Kiprono alikuja kunisikiliza. Aliketi sakafuni, akala muhindi wa kuchoma mpaka gunzi, halafu akasema, "Buda, mimi sijui muziki. Lakini hiyo inasikika kama ng'ombe wawili wanashuka ngazi." Kisha, na hii ndiyo sababu bado ni rafiki yangu, akaniachia nusu ya muhindi wa pili.

Jumamosi iliyofuata Madam alikuja na mfuko wa plastiki. Hakuniuliza nimefika wapi. Nadhani Mzee alikuwa ameshamwambia, au alisikia kutoka barabarani. Alivuta turubai kutoka kwenye meza ya biliadi na kuanza kuzipanga karatasi juu ya kitambaa cha kijani, kundi A, kundi B, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika mahindi. "Wanaruhusu kubadilisha mpaka mwisho wa mwezi," akasema. "Barua nitaandika mimi. Lakini kuchagua utachagua wewe. Na hutachagua kwa macho." Akaketi kwenye piano na kuanza kuvipiga, kimoja kimoja, mwanzo mpaka mwisho. Nikikumbuka sasa, naona hakuna mtu aliyewahi kunifanyia ukarimu wa namna ile. Mwanamke mzima, siku yake ya mapumziko, na homa yake ya baridi, anampigia mtoto aliyemwaibisha vipande kumi na saba ili mtoto achague. Wakati ule nilikuwa naona kama nimewekwa kizuizini. Mzee arap Koech alileta birika la chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, akavuta kiti na kukaa, na kadiri Madam alivyoendelea, Mzee akaanza kutoa maoni.

"Hiyo inakimbia," alisema juu ya kimoja cha kundi B, "na haijui inaenda wapi." Kingine alisema kinafaa kwa mazishi ya mtu tajiri. Madam alisema B namba nne kingenifaa kwa kuwa kina mkono wa kushoto wenye nguvu, lakini tukakumbuka kwamba kinategemea kile kibao kinachokwama mvua ikinyesha, na mimi naweza kufanya mazoezi baada ya shule tu, yaani baada ya saa nane. Kwa hiyo nacho kikaenda upande wa pili wa meza. Nilikula viazi. Nilikuwa nangoja kitu ambacho kingeonekana kigumu na kisiwe kigumu, nikubali ukweli. Nilitaka kushuka kutoka kundi C bila mtu kusikia kishindo.

Kisha akapiga A namba mbili. Ukurasa mmoja na nusu. Flati moja tu, kama mtu mmoja aliyechelewa ibada. Mimi huwa nikisikia wimbo, mkono wangu wa kushoto unajua unaenda wapi kabla haujaenda. Ndiyo faida pekee ya miaka mitano ya kumfukuzia Mama Kwamboka. Basi mkono wangu ulikuwa juu ya meza ya biliadi, unafuata, na katikati ya ukurasa kile kipande kikanyamaza. Kilinyamaza kabisa, kwa mapigo matatu mazima. Mkono wangu ukaenda mbele peke yake na kuangukia mahali ambapo kipande hakikuwepo. Na kiliporudi, kilirudi chini zaidi ya nilipokitarajia, pole pole, kama mtu aliyeanza kugombana na wewe halafu akaona uso wako. Niliacha kutafuna.

"Hiyo," nikasema.

Madam hakugeuka. "Hiyo ni ya watoto, Ombati. Utaketi na watu wa miaka tisa."

"Nimezoea. Nakaa na Kiprono."

"Kwa nini hiyo?"

Nilikuwa na majibu mawili ya kuchekesha tayari mdomoni. Nikasema, "Pale inaponyamaza. Sijui inarudi vipi. Nataka kujua." Pua yake ikavutika upande mmoja, nikaiona kutoka nyuma, kwenye shavu. Aliitoa ile karatasi akaniwekea mkononi. Kisha akauliza, "Na mama yako, anajua?" nami nikagundua kwamba nilikuwa nimefikiria majaji, na Kiprono, na hata wale wanaume wasio na nyuso kule ukutani, na kwamba mama nilikuwa nimemzunguka kwa mbali wiki nzima.

Nyumba zetu za kambi zimepangwa mbili mbili, ukuta mmoja wa mbao katikati, na kupitia ukuta huo najua mambo ya familia ya Mama Kwamboka ambayo hata wao wameshayasahau. Jioni ile nilikuwa nimefika mlangoni kwetu na karatasi yangu chini ya sweta, niko tayari kusema, nikasikia sauti mbili ndani. Mama Kwamboka alikuwa amekuja kusaidia kuchambua mboga za managu. Nikasimama nje kwenye vumbi la kuni.

"Hebu sema tena jina yake," Mama Kwamboka alikuwa anasema.

"Noktan," mama akajibu.

"Nok-ta-ni."

"Hapana, mwisho inakatika. Nilimsikia yeye akisema. Noktan."

"Inasikika kama jina ya dawa."

"Ni wimbo ya wakubwa," mama akasema. Halafu akairudia, polepole, kwa sauti ndogo, kama anajaribu kiatu. "Noktan. Noktan." Nilimsikia anavunja mabua ya managu na kusema, anavunja na kusema. Akamweleza Mama Kwamboka kwamba ameshaomba siku ya mapumziko kwa msimamizi, na leso atakayovaa ameshaifua. Nilizunguka nyumba mara mbili. Mara ya pili kuku wa Mama Kwamboka walinifuata wakidhani nina kitu.

Tulikula wawili, sufuria ya ugali katikati, managu na maziwa kidogo juu yake. Nilisubiri mpaka amemega tonge la tatu.

"Mama, ile nyimbo imebadilishwa."

"Nani ameibadilisha?"

"Kamati."

Alilifinyanga tonge lake. "Kamati gani?"

"Ya mimi."

"Ombati, ongea kama mtu."

Basi nikaongea kama mtu, na ilinishangaza ni maneno machache namna gani ukiondoa vichekesho. Kitufe. Rekodi. Sahihi ya Madam. Mstari wa nne. Kundi A. Alisikiliza akiangalia moto, na ugali ukaota ngozi. Nilitaka sana anigombeze, kwa sababu kugombezwa ninakujua, nina mbinu zake. Alipofungua mdomo aliuliza tu, kama anavyoulizwa mchumaji kama amemaliza safu.

"Hiyo kubwa, hukuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua na kitufe."

"Na hii ndogo?"

"Nitaijua."

"Yote?"

"Yote."

"Bila hiyo kitu."

"Bila."

Aliinuka, akachukua sufuria, akamimina maji ili iloe. Alinipa mgongo muda mrefu kuliko sufuria ilivyohitaji. "Mimi nilisimama mbele ya watu nikasema," akasema. "Jumapili utasimama wewe."

Nilitayarisha vichekesho vitatu. Cha kwanza nilikitumia. Nilisimama kando ya kinanda nikasema kwamba Bwana asifiwe, ninaomba kanisa linirudishie baadhi ya maombi, kwa kuwa nimepewa mengi kuliko mzigo. Watu wakacheka vizuri, wengine wakapiga magoti yao. Nikamtafuta mama. Alikuwa ameinamia Biblia yake iliyofungwa, anakuna gamba lake kwa ukucha uliopakwa weusi wa utomvu wa chai, ule usiotoka kwa sabuni. Vile viwili vilivyobaki vikanitoka kichwani. "Mama alisema wameniweka na wakubwa," nikasema. "Hawakuniweka. Nilijiandika mwenyewe, na kile kipande sikiwezi. Nitapiga kingine, cha wanaoanza. Yeye hakujua." Kanisa likatulia hata nikasikia mabati yanapanuka kwa jua. Kisha Mama Kwamboka akauliza kutoka kwenye kwaya, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Sasa tukuombee kiasi gani, na imekuwa kidogo?"

"Vilevile," mama akasema, bila kuinua kichwa.

Wiki zilizofuata nilikaa na ukurasa mmoja na nusu mpaka Mzee arap Koech akawa anaupiga mluzi akifagia. Nilijifunza kusoma noti kama mtoto wa chekechea, kidole chini ya kila moja. Nilijifunza pia kwamba kidogo si rahisi, jambo ambalo Madam angeweza kuniambia lakini aliniacha nilikute mwenyewe, kwa kuwa kwenye kipande cha noti nyingi unaweza kuficha kosa, na kile hakikuwa na mahali pa kuficha hata kikohozi. Kigumu kuliko vyote kilikuwa pale panaponyamaza. Nilikuwa narudi mapema. Kila mara. Mapigo matatu ni marefu kwa mtu kama mimi. Naweza kusema mambo sita. "Usihesabu," Madam aliniambia. "Ngoja mpaka utake kusikia." Na siku za mwisho mwisho, balbu inawaka, mvua imekaa kwenye mabati, nilianza kungoja.

Nitakuambia mapema ili usikae roho juu: sikushinda. Kombe lilikwenda kwa mvulana wa miaka kumi aliyevaa tai ya kipepeo, na alistahili, kasoro ile tai. Ukumbi wa Nakuru ulikuwa na viti vyekundu na piano nyeusi, ndefu, iliyofunguliwa kifuniko, na nikiri kwamba nilipoiona niliitupia jicho chini ya ubao, mara moja tu, kwa mazoea. Wa kundi A tulikalishwa mstari wa mbele. Nilikuwa nimewazidi wote kwa mabega. Msichana mmoja mdogo, miguu yake haijafika sakafuni, aliniangalia kwa muda halafu akauliza, "Wewe ni mwalimu?"

"Hapana. Mimi ni mtoto, nimechelewa tu kuanza."

Alifikiria. "Unapiga gani?"

"Namba mbili."

"Hiyo nilimaliza mwaka jana," akasema, bila ubaya wowote, na akanipa peremende.

Mama alikuwa safu ya tano na Madam Chelangat, wamekaa wima wote wawili, leso iliyofuliwa na shali. Walipoita jina langu nilipanda jukwaani, nikaketi, na magoti yangu yakagonga chini ya ubao. Nikaanza. Sikumbuki mengi ya ukurasa wa kwanza ila kwamba vibao vilikuwa vinarudi vyenyewe vikishuka, na nilitaka kumwambia Mzee. Halafu nikafika pale. Nikainua mikono. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa katikati ya kimya cha watu na sikutaka kukijaza. Nilingoja. Nikasikia mtu akihema. Nilipotaka kusikia kinachofuata, nikakirudisha, kule chini, polepole, na kikaenda mpaka mwisho bila mtu kukibeba. Nikasimama, nikainama kama nilivyofundishwa, nikateremka, na badala ya kurudi kwa watoto nikaenda moja kwa moja mpaka safu ya tano na kukaa kiti kilichokuwa wazi kando ya mama.

Hakunigeukia. Madam alikuwa anaangalia mbele, pua yake imevutika. Msichana wa peremende alipanda, akapiga chake vizuri, akashuka, watu wakapiga makofi. Mama alipiga makofi pia, akakunja mikono juu ya leso yake. Ndipo akaniinamia, akanong'ona karibu na sikio, na alikuwa amekasirika kidogo.

"Mbona ulimaliza? Nilikuwa bado nasikiliza."